Gemu ya Akedi Inapotolewa Upya: Konsoli ya Zamani, Konsoli Mpya, na Kinachobaki Njiani

Kila aliyewahi kucheza Space Invaders ya mwaka 1978, gemu ya akedi, yaani ya mashine ya sarafu, anaijua hali hii. Wavamizi 55 wamejipanga safu tano, kila safu 11, wanasogea taratibu upande mmoja, wanashuka kidogo, wanarudi upande wa pili. Kadiri unavyowapunguza, waliobaki wanaongeza mwendo. Akibaki mmoja anakimbia ukuta hadi ukuta, na wewe mikono imeanza kutoka jasho. Ule mwendo haukuandikwa na Tomohiro Nishikado, aliyeibuni gemu hiyo pale kampuni ya Taito, kama kanuni ya pekee. Ulitokana na mashine yenyewe. Prosesa ya Intel 8080 iliyokuwa ndani ilimsogeza mvamizi mmoja tu kila picha mpya ilipochorwa, na picha zilikuwa takriban 60 kwa sekunde. Wakiwa wote 55, kikosi kilihitaji karibu sekunde nzima kumaliza hatua moja. Akibaki mmoja, kila zamu ni yake. Nishikado aliona hali hiyo inaleta msisimko, akaiacha.

Sasa ichukue gemu hiyo uipeleke kwenye konsoli ya leo. Konsoli hiyo ina uwezo wa kuwasogeza wavamizi wote kwa mara moja, tena na kazi nyingine elfu juu yake. Lakini ikiwasogeza hivyo, ule mbio wa mwisho unatoweka na Space Invaders inatoweka nao. Ili gemu irudi ilivyokuwa, mashine yenye nguvu lazima ijizuie na ifuate unyonge wa mashine ya zamani hatua kwa hatua.

Hapo ndipo panapowachanganya watu wengi. Tumezoea kudhani kwamba gemu ni faili: unalitoa kwenye mashine ya sarafu, unaliweka kwenye konsoli, basi. Na kwamba konsoli ikiwa mpya zaidi, gemu itatoka vizuri zaidi. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni nusu. Gemu ya akedi ilikuwa programu, chipu, kioo, vitufe na saa, vyote vimefungwa ndani ya kabati moja. Unapoitoa upya unaamua vipi kati ya hivyo vitakwenda na vipi vitaachwa. Konsoli za zamani zilikwama kwenye nguvu. Konsoli mpya zinazo nguvu, lakini matatizo yamehamia kwenye saa, kioo, mkono na karatasi za kisheria. Ndiyo maana gemu moja inaweza kuwa na matoleo kumi, na lile la mwaka jana likashindwa na la miaka 25 iliyopita.

Enzi ya kuandika upya

Kwa miaka mingi hakukuwa na kuihamisha gemu ya akedi kwa maana ya kuinakili. Konsoli haikuweza kuiendesha programu ile. Mtu alikaa mbele ya mashine ya sarafu, akaitazama, akaandika gemu mpya inayofanana nayo kadiri konsoli ilivyoruhusu.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni Pac-Man ya Atari 2600, ya mwaka 1982. Mashine ya akedi ya Namco ilikuwa na prosesa ya Z80, kilobaiti 16 za programu, na chipu za kuchora vikaragosi kadhaa kwa wakati mmoja. Atari 2600 ilikuwa na baiti 128 za kumbukumbu. Baiti, si kilobaiti. Aya hii unayoisoma ni ndefu kuliko nafasi hiyo. Haikuwa hata na mahali pa kuhifadhi picha ya kioo kizima, hivyo programu ilibidi ikimbizane na mwale wa TV, ikiuambia nini cha kuchora mstari baada ya mstari. Na kwa wahusika wanaotembea, chipu ilitoa vikaragosi viwili vya kutegemewa. Pac-Man ina wahusika watano: yeye na mizimu wanne.

Tod Frye, aliyepewa kazi hiyo, aliwafanya mizimu wapokezane. Picha ya kwanza inamchora mzimu mmoja, ya pili mwingine, hadi wote wanne wapate zamu, kisha mzunguko unaanza tena. Kila mzimu alionekana mara 15 kwa sekunde badala ya 60, na macho yaliona kitu kinachopepesa. Vidoti vikawa vistari, ukuta ukabadilika rangi, kona za njia zikabadilika. Iliuza kwa mamilioni na bado wachezaji wakasononeka, kwa sababu walikuwa wameahidiwa gemu waliyoijua. Mimi namheshimu sana Frye. Kuwatoa mizimu wanne kwenye mashine isiyoweza kuwachora ni ufundi, hata kama matokeo yake yalibaki mbali na kabati la akedi.

Space Invaders ya Atari 2600, iliyotangulia mwaka 1980, ilikutana na mgogoro huohuo: wavamizi 55 wakawa 36. Lakini ile ilipendwa sana, na ikawafanya watu wengi wanunue konsoli kwa ajili yake. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba ilibaki na ule mwendo unaokazana. Kilichokatwa kilikuwa idadi, na mapigo ya moyo yalibaki.

Donkey Kong ni kisa cha aina nyingine. Mashine ya Nintendo ya mwaka 1981 ilikuwa na hatua nne. Ilipoingia kwenye Famicom, konsoli ya Nintendo yenyewe, mwaka 1983, ikiwa miongoni mwa gemu za kwanza za konsoli hiyo, hatua ya mita 50, ile yenye mikanda inayosafirisha mabakuli ya saruji, haikuwamo. Katriji ilikuwa ndogo. Toleo hilo lenye hatua tatu ndilo lililokuja kunakiliwa kwenye konsoli moja baada ya nyingine, na kizazi kizima kilikua kikidhani Donkey Kong ina hatua tatu. Nguvu za mashine ziliongezeka mara elfu, na hatua ile ikaendelea kukosekana, maana kilichokuwa kinatolewa upya ni toleo la Famicom. Hili ni la kukumbuka kila unapoona neno "klasiki" kwenye kasha: klasiki ya nini? Ya akedi, au ya konsoli iliyoinakili akedi?

Wakati wa Street Fighter II, ya mwaka 1991, pengo lilikuwa limepungua lakini lilikuwapo. Bodi ya akedi ya Capcom ilichora picha yenye upana wa pikseli (nukta za picha) 384; Super Nintendo, mwaka uliofuata, ilichora 256. Wapiganaji wakapungukiwa maelezo kidogo, sauti zikapungua, lakini pedi ilikuwa na vitufe sita vya kutosha ngumi tatu na mateke matatu. Mega Drive ilikuwa na vitufe vitatu, na Sega ikatoa pedi mpya ya vitufe sita mwaka 1993, mwaka uleule gemu hiyo ilipoifikia konsoli yao. Gemu moja ya akedi ililazimisha pedi ibadilishwe.

Bodi na konsoli zilipokuwa ndugu

Kulikuwa na njia ya mkato: kutengeneza konsoli na mashine ya akedi kutoka tumbo moja. SNK ilifanya hivyo mwaka 1990 na Neo Geo. Bodi ya kwenye kabati la sarafu na konsoli ya sebuleni zilikuwa na chipu zilezile, na gemu ilikuwa ileile kabisa. Bei yake iliwatisha wengi, lakini hakuna aliyeweza kulalamika kwamba kuna kilichokatwa. Namco nao walitengeneza bodi ya System 11 juu ya msingi wa PlayStation, na ndiyo maana Tekken ilivuka kwa urahisi kutoka akedi mwaka 1994 hadi konsoli mwaka 1995. Sega walikuwa na bodi ya akedi ya NAOMI na konsoli ya Dreamcast, ndugu wa damu, isipokuwa NAOMI ilikuwa na kumbukumbu maradufu.

Kwa gemu za aina hii konsoli ya zamani bado ina hadhi kubwa. Ukiicheza Crazy Taxi kwenye Dreamcast iliyochomekwa kwenye TV ya chogo, uko karibu sana na kabati lenyewe. Toleo la baadaye, kama tutakavyoona, lilirudi likiwa limepungukiwa, na waliolipunguza hawakuwa wahandisi.

Kuigiza mashine

Njia inayotumika zaidi leo ni emuleta, yaani programu inayojifanya mashine nyingine. Programu ya akedi inabaki ileile, baiti kwa baiti, kama ilivyotolewa kwenye chipu zake. Kinachoandikwa upya ni mashine: prosesa ya kuigiza, chipu ya sauti ya kuigiza, kioo cha kuigiza. Mradi wa MAME, ulioanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, umeufundisha ulimwengu mzima namna bodi hizi zilivyofanya kazi. Upande wa matoleo rasmi, kampuni ya Hamster ya Japani ndiyo imekuwa ikiendesha kazi hii kwa bidii ya kushangaza kupitia mfululizo wa Arcade Archives, uliofika PlayStation 4 mwaka 2014 na Switch mwaka 2017, ikitoa gemu karibu kila wiki.

Uzuri wa uigaji ni kwamba unaleta hata yale ambayo hakuna mtu angeyaandika kwa makusudi. Pac-Man ya akedi ina hitilafu katika raundi ya 256: kihesabio chake kinajaa, na nusu ya kulia ya kioo inageuka mchafuko wa herufi na alama usioweza kumalizwa. Anayeandika upya hana sababu ya kuiweka hitilafu hiyo. Emuleta inaileta bila kuombwa, kwa sababu imeileta mashine. Na kuna jambo zito zaidi ya hitilafu. Mizimu wa Pac-Man hufuata kanuni zisizoyumba, hivyo ukipita njia ileile kwa wakati uleule nao watajibu vilevile. Wachezaji hodari walikariri njia hizo kona kwa kona. Kwenye toleo lililoandikwa upya, kona moja ikichukua muda tofauti kidogo, njia uliyoikariri inakupeleka mdomoni mwa mzimu mwekundu. Hicho ni kipimo kizuri kuliko picha yoyote ya kasha: je, njia za zamani bado zinafanya kazi?

Gharama yake ni nguvu. Kuigiza chipu moja kunahitaji chipu yenye kasi mara nyingi zaidi, kwa sababu kila tendo dogo la mashine ya zamani linageuka kuwa matendo mengi ya mashine mpya, na chipu zilizokuwa zikifanya kazi sambamba lazima zilinganishwe zisipishane. Kwa gemu za miaka ya 1980, simu ya kawaida inatosha. Kwa zile za pande tatu, habari ni nyingine.

Tazama Ridge Racer. Namco waliitoa kwenye akedi mwaka 1993 juu ya bodi ya System 22, ambayo ilikuwa na chipu maalumu za kukokotoa umbo la kila kitu barabarani, ikichora picha 60 kwa sekunde kwa upana wa pikseli 640. Desemba 1994 ikafika kwenye PlayStation siku konsoli hiyo ilipozinduliwa Japani. Ilikuwa imeandikwa upya: picha 30 kwa sekunde, nusu ya upana, magari na milima ikiwa imepunguzwa. Gemu nzima ilijaa ndani ya megabaiti mbili za kumbukumbu, kiasi kwamba ikishaingia unaweza kuitoa diski, ukaweka CD yako ya muziki, na ukaendesha gari kwa nyimbo zako. Ni toleo linalopendwa hadi leo, na kwa haki. Lakini bodi halisi ya System 22 haikuigizwa kwenye toleo rasmi la konsoli hadi Juni 2025, Hamster walipoizindua Arcade Archives 2 kwa Switch 2, PlayStation 5 na Xbox Series X na S, Ridge Racer ikiwa gemu ya kwanza.

Hesabu miaka hiyo. Kuandika upya kulichukua kama mwaka mmoja, kwenye mashine dhaifu. Kuigiza kulisubiri zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini gemu fulani ya mwaka 1993 "haiwezi" kutolewa kwenye konsoli ya mwaka 2013, wakati konsoli ya 1994 iliiweza, jibu ni kwamba konsoli ile haikuiendesha gemu hiyo. Iliendesha tafsiri yake.

Saa

Sasa tufike mahali ambapo konsoli mpya inashinda ya jana kwa sababu isiyohusu nguvu hata kidogo.

TV na konsoli nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde. Watengenezaji wa bodi za akedi hawakuwa na sababu ya kufuata namba hiyo, maana kioo kilikuwa chao. Pac-Man inakwenda picha 60.6 kwa sekunde. Neo Geo ni 59.2 hivi. R-Type ya Irem ni takriban 55, na Mortal Kombat ni 54.7. Namba hizi zinaonekana ndogo mpaka ujaribu kuziingiza mahali zisipoenea.

Chukua R-Type. Kila sekunde una picha 55 na nafasi 60. Una njia mbili. Ya kwanza ni kurudia baadhi ya picha: kila baada ya 11, moja inaonyeshwa mara mbili. R-Type ni gemu ambayo mandhari inatiririka kwenda kushoto muda wote, kwa hiyo jicho linaona mtiririko ukikwama mara tano kila sekunde, kama gari linalopita juu ya viungo vya daraja. Njia ya pili ni kuiharakisha gemu hadi 60. Mtiririko unakuwa laini, lakini gemu sasa ina kasi ya asilimia 9 zaidi. Kipande kilichochukua dakika kumi kinakwisha kwa dakika tisa na sekunde kumi, risasi zinafika mapema, na muziki ukiachwa ufuate unapanda. Katika gemu inayodai ukariri kila mwanya, asilimia 9 ni adhabu. Njia zote mbili zimetumika kwenye matoleo mbalimbali ya gemu za aina hii, na wachezaji wengi waligundua kwamba kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini.

Vioo vyenye mwendo unaobadilika ndivyo vinavyofungua fundo hili. Badala ya TV kuiamuru konsoli, konsoli ndiyo inayoiambia TV sasa picha iko tayari, onyesha. Gemu ya picha 55 inaonyeshwa mara 55. PlayStation 5 ilipata uwezo huo kwa sasisho la mwaka 2022, kwa TV zinazoukubali. Switch 2 inao kwenye kioo chake yenyewe, unapoicheza mkononi. Arcade Archives 2 imeufuata uwezo huo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kuu ya mtu mwenye gemu hizi kwenye konsoli ya kizazi kilichopita kufikiria toleo jipya. Picha za Pac-Man hazitaongezeka urembo. Ni saa yake ndiyo itakayokuwa sahihi.

Upande wa pili wa shilingi ni konsoli za zamani zilizouzwa Ulaya na maeneo mengine ya mfumo wa PAL, ambako TV zilikwenda picha 50 kwa sekunde. Gemu nyingi hazikurekebishwa. Zilipungua kasi kwa karibu asilimia 17 na kubanwa kati ya mistari miwili myeusi, na watu wakazizoea hivyo. Mtu angedhani hayo yaliisha. Lakini PlayStation Classic ya Desemba 2018, kisanduku kipya kabisa, ilikuja na baadhi ya gemu zake katika toleo la PAL, Tekken 3 ikiwamo. Gemu ya mapigano ya mwaka 1997 iliyokwenda picha 60 kwa sekunde kwenye akedi ikauzwa miaka 21 baadaye ikiwa nzito, kwenye TV zisizo na kizuizi chochote. Hakuna aliyelazimishwa na chipu safari hii. Toleo ndilo lililochaguliwa vibaya.

Kioo na mkono

Kioo cha Pac-Man kimesimama wima: pikseli 224 kwa upana, 288 kwa urefu. TV imelala. Kwenye TV ya chogo, yenye mistari kama 240 ya kutumia, picha ya urefu wa 288 haiingii, na ndiyo sababu matoleo mengi ya zamani yaliifinya njia au kuihamishia alama pembeni. Kwenye TV ya Full HD yenye mistari 1080, unaweza kuikuza picha mara tatu kamili, ikawa 864, na kubakiwa na weusi juu na chini. Ukilazimisha ijae, inabidi uikuze mara 3.75, na pikseli nyingine zinakuwa nene kuliko jirani zake. Mizimu wakitembea kingo zao zinatetemeka. Kwenye TV ya 4K, mara saba kamili inakupa 2016 kati ya 2160, karibu kioo kizima. Hapo pia ndipo ile mistari ya giza ya TV ya chogo inapoweza kuigizwa ikapendeza, kwa sababu kila pikseli ya zamani imepata pikseli za kutosha za kuchorea kivuli chake. Na anayetaka wima halisi anaweza kuisimamisha Switch mkononi.

Ila TV bapa ina deni lake. TV ya chogo ilichora picha papo hapo ilipoipokea. TV bapa huichakata kwanza, na ucheleweshaji huo, ukijumlishwa na wa pedi isiyo na waya na wa emuleta yenyewe, unatosha kumfanya mchezaji mzuri ajione amezeeka. Kama TV yako ina hali ya gemu, iwashe kabla ya kumlaumu yeyote.

Gemu za bunduki ndizo zilizoumia zaidi. Bunduki ya Time Crisis kwenye PlayStation ilijua inaelekezwa wapi kwa kuhisi mwale wa TV ulipopita mbele yake. Kwenye TV bapa hakuna mwale. Konsoli ileile, diski ileile, bunduki ileile, na hakuna risasi inayolenga. Ni moja ya sehemu ambazo vifaa vya zamani bado havina mbadala ulio sawa navyo.

Robotron: 2084, ya mwaka 1982, ni kinyume chake. Kabati lilikuwa na mikono miwili ya kuongozea, mmoja wa kutembea na mwingine wa kupiga risasi upande wowote. Konsoli za zamani zilikuwa na mkono mmoja kwenye pedi, na waliotaka kuicheza ilivyo walishika pedi mbili kwa wakati mmoja. Pedi za leo zote zina vijiti viwili. Gemu hiyo ilisubiri pedi ikue, na ilipofika kwenye Xbox 360 mwaka 2005 ilijikuta nyumbani. Pac-Man na Donkey Kong, kwa upande wao, zilibuniwa kwa mkono wa pande nne tu, na kijiti cha leo kinachozunguka kila upande huzikosesha kona. Tumia vitufe vya mishale.

Karatasi

Yote hayo ni ya mafundi. Yanayobaki ni ya wanasheria, na hapo konsoli mpya mara nyingi ndiyo inayopoteza.

Crazy Taxi ya akedi na ya Dreamcast ilikuwa na nyimbo za bendi za The Offspring na Bad Religion, na abiria waliokutaka uwapeleke Pizza Hut, KFC au Tower Records. Ilipotolewa upya mwaka 2010 kwa Xbox 360 na PlayStation 3, nyimbo hizo hazikuwamo na maduka yalibadilishwa majina. Picha ilikuwa safi zaidi, na gemu ilikuwa imenyamazishwa. OutRun ya 1986 ilikuwa na gari linalofanana kabisa na Ferrari Testarossa, bila leseni. Toleo la baadaye la Nintendo 3DS lililazimika kulibadilisha umbo. OutRun Online Arcade, yenye leseni ya Ferrari, iliondolewa madukani leseni ilipokwisha. Gemu za Konami zenye wahusika wa kukodisha, kama X-Men na The Simpsons, zilirudi kwenye Xbox 360 na PlayStation 3 kwa miaka michache, kisha zikaondolewa mwaka 2013.

Na ile hatua ya mita 50 ya Donkey Kong? Programu ya akedi iliandikwa na kampuni ya Ikegami Tsushinki kwa mkataba na Nintendo, na pande hizo mbili zikaishia mahakamani juu ya nani anamiliki alichokiandika, hadi walipomalizana nje ya mahakama mwaka 1990. Wanaofuatilia historia hii wengi wanaona hapo ndipo kulipokuwa na kizingiti. Toleo la akedi, bila kupunguzwa, liliuzwa peke yake kwa konsoli Juni 2018, kwenye Switch, kupitia Hamster. Miaka 37. Konsoli zilizoweza kuliendesha zilikuwapo tangu zamani sana.

Kuna pia suala la duka kufungwa. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, la 3DS na Wii U likaacha kuuza Machi 2023, na la Xbox 360 likafungwa Julai 2024. Gemu za akedi zilizokuwa zimetolewa upya humo pekee, tena nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, haziuzwi tena popote. Diski ya Namco Museum ya mwaka 1995 bado inaingia kwenye PlayStation ya kwanza inayofanya kazi, na mwenye nayo haombi ruhusa kwa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia toleo jipya, soma maelezo ya dukani utafute mambo mawili: kama ni programu ya bodi ya akedi au ya konsoli ya zamani, na kama unaweza kuuchagua mwendo wa asili wa picha. Yasiposema, tafuta video ya mtu anayeicheza mwanzo hadi mwisho. Kama ni Donkey Kong, hesabu hatua. Kama ni Crazy Taxi, sikiliza. Kama ni Space Invaders, subiri abaki mvamizi mmoja, umtazame anavyokimbia.